Russell Brain

Walter Russell Brain (Reading, Uingereza, 23 Oktoba 1895 – 29 Desemba 1966), aliyejulikana kuanzia mwaka 1962 kama Baroni Brain, alikuwa daktari na mtaalamu wa magonjwa ya neva kutoka nchini Uingereza.

Aliandika kitabu cha kiada kilichosomwa na vizazi vya wanafunzi wa udaktari, alihariri jarida maarufu la elimu ya neva, aliongoza Chuo cha Kifalme cha Madaktari mjini London na alikuwa mmoja wa madaktari walioitwa kumwangalia waziri mkuu Winston Churchill. Katika historia ya tiba anakumbukwa pia kwa utafiti alioufanya pamoja na wenzake kuanzia mwaka 1951 hadi kifo chake. Utafiti huo ulionyesha kwamba saratani inaweza kuharibu ubongo, uti wa mgongo, neva na misuli bila kusambaa hadi huko, na kwamba mara nyingi madhara hayo hutokea kabla saratani yenyewe haijagunduliwa.

Maisha ya awali

Brain alizaliwa Reading, mji ulio magharibi mwa London. Baba yake alikuwa mwanasheria. Alisoma katika shule ya Mill Hill, kisha akaingia New College katika Chuo Kikuu cha Oxford ili kusoma historia. Somo hilo halikumpendeza.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilibadilisha mwelekeo wa maisha yake. Hakutaka kubeba silaha, hivyo mwaka 1915 alijiunga na kikosi cha wahudumu wa magari ya wagonjwa kilichoanzishwa na Wakristo wa Jumuiya ya Marafiki, maarufu kama Waquaker. Alipelekwa kwanza York, kisha London katika hospitali ya King George, ambako alifanya kazi kwenye idara ya eksirei. Huko ndiko alikoanza kuvutiwa na tiba.

Hospitalini hapo alikutana pia na Stella Langdon-Down, binti wa daktari Reginald Langdon-Down. Babu yake Stella alikuwa John Langdon Down, daktari aliyeeleza hali ambayo leo inaitwa sindromu ya Down kwa kufuata jina lake. Brain na Stella walioana mwaka 1920 na kujaliwa watoto watatu.

Masomo ya udaktari

Vita vilipokwisha Brain alirudi New College, safari hii kama mwanafunzi wa tiba. Wakati huo profesa wa fiziolojia pale Oxford alikuwa Charles Sherrington, mmoja wa waasisi wa elimu ya kisasa ya mfumo wa neva, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel. Brain alihitimu mwaka 1922 na kupata shahada ya juu ya udaktari mwaka 1925.

Aliajiriwa katika London Hospital, hospitali kubwa iliyoko Whitechapel, upande wa mashariki wa jiji, ambako wagonjwa wengi walikuwa watu wa kipato cha chini. Alifanya kazi pia katika hospitali ya magonjwa ya neva ya Maida Vale. Alibaki katika kazi ya hospitali kwa muda wote uliosalia wa maisha yake ya kitaaluma.

Daktari wa neva

Mwaka 1933 Brain alitoa kitabu chake Diseases of the Nervous System, yaani Magonjwa ya Mfumo wa Neva. Kilipendwa kwa lugha yake nyepesi na mpangilio wake mzuri. Alikirekebisha mara kwa mara kadiri elimu ilivyosonga mbele, na toleo la sita lilitoka mwaka 1962. Baada ya kifo chake kiliendelezwa na John Walton, na jina la Brain likaendelea kubaki kwenye jalada.

Alifanya pia uchunguzi kadhaa ambao matokeo yake yanatumika hadi leo:

Mwaka 1941 alieleza wagonjwa walioumia upande wa kulia wa ubongo ambao walipuuza kabisa vitu vilivyokuwa upande wao wa kushoto, ingawa macho yao yaliona.

Mwaka 1947, pamoja na daktari wa upasuaji A. Dickson Wright na daktari Marcia Wilkinson, alionyesha kwamba ganzi na udhaifu wa vidole vinaweza kuletwa na neva inayobanwa inapopita kwenye kifundo cha mkono, na kwamba upasuaji mdogo wa kuilegeza unaweza kuleta nafuu.

Mwaka 1952, pamoja na Douglas Northfield na Marcia Wilkinson, alichapisha maelezo ya jinsi pingili za shingo zinavyochakaa na kukandamiza uti wa mgongo. Kabla ya hapo wagonjwa wengi wa aina hiyo walidhaniwa kuwa na ugonjwa mwingine wa neva usio na tiba.

Mwaka 1966 alikuwa mmoja wa madaktari watatu walioeleza mgonjwa aliyepata matatizo ya ubongo pamoja na ugonjwa wa tezi ya thairoidi iliyo shingoni, unaotokana na kinga ya mwili kuishambulia tezi hiyo.

Katika kazi hizi swali ni lilelile: dalili inaonekana mahali pamoja, lakini chanzo chake kiko mahali pengine.

Mwaka 1954 alikuwa mhariri wa jarida la Brain, lililoanzishwa mwaka 1878. Neno hilo kwa Kiingereza maana yake ni ubongo, kwa hiyo jina la jarida na jina la ukoo la mhariri lilikuwa moja. Wapenda mizaha walikumbusha kwamba mmoja wa wahariri waliomtangulia, daktari mwingine wa London Hospital, aliitwa Henry Head, na neno hilo maana yake ni kichwa. Brain alibaki mhariri mpaka alipofariki.

Saratani iliyofichika na magonjwa ya neva

Hali ya elimu kabla ya Brain

Madaktari walijua tangu zamani kwamba saratani inaweza kusambaa hadi kwenye ubongo au kuzibana neva zilizo karibu nayo. Jambo lililowatatiza ni wagonjwa wachache ambao neva zao ziliharibika ingawa hakuna uvimbe wowote uliozigusa. Nchini Ujerumani Hermann Oppenheim aliandika juu ya mgonjwa wa namna hiyo mwaka 1888. Nchini Ufaransa Auché aliandika mwaka 1890 juu ya neva za mikono na miguu za watu wenye saratani. Mwaka 1919 Mholanzi Brouwer alieleza mgonjwa mwenye uvimbe ambaye serebela yake ilikuwa imeharibika. Serebela ni sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu mwendo, usemi na mizani ya mwili.

Kwa miaka mingi taarifa hizo zilichukuliwa kuwa sadfa tu. Saratani ni ugonjwa wa watu wengi, na magonjwa ya neva pia ni mengi, kwa hiyo haikushangaza kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili.

Mwaka 1948 Derek Denny-Brown, daktari mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa akifanya kazi Boston nchini Marekani, alieleza wagonjwa wawili waliopoteza hisia za viungo vyao. Wote wawili walikuwa na saratani ya mapafu. Uchunguzi baada ya kifo ulionyesha kwamba seli za neva za hisia, zilizo kando ya uti wa mgongo, zilikuwa zimekufa, lakini hapakuwa na saratani mahali hapo. Mwaka uliofuata madaktari wa Ufaransa walianza kutumia neno ambalo kwa Kiswahili linaweza kuandikwa paraneoplasia, yaani mambo yanayoandamana na uvimbe bila kuwa uvimbe wenyewe.

Utafiti wa mwaka 1951

Mwaka 1951 Brain alichapisha makala pamoja na wanapatholojia P. M. Daniel na J. G. Greenfield kuhusu kuharibika kwa serebela na uhusiano wake na saratani. Wagonjwa wa aina hii huanza kuyumba wanapotembea kana kwamba wamelewa. Katika muda wa wiki au miezi michache maneno huwa mazito mdomoni, mikono hutetemeka inapotaka kushika kitu, na mwishowe wengi hushindwa kusimama. Ubongo ukichunguzwa kwa hadubini huonekana kwamba seli kubwa za serebela, zinazoitwa seli za Purkinje, zimetoweka kwa wingi.

Makala hiyo ilitilia mkazo kwamba uhusiano kati ya hali hiyo na saratani haukuwa wa bahati tu. Ilimaanisha pia kwamba daktari anayempokea mtu mzima aliyeanza kuyumba ghafla, bila sababu inayojulikana, anapaswa kuwaza juu ya kifua chake, matiti yake au ovari zake, hata kama mgonjwa halalamikii chochote sehemu hizo.

Kuhesabu wagonjwa

Brain alitambua kwamba taarifa za mgonjwa mmojammoja zisingemaliza ubishi. Ilihitajika kuwachunguza watu wengi wenye saratani na kuhesabu ni wangapi wana matatizo ya neva au misuli yasiyoelezeka kwa njia nyingine. Mwaka 1958 yeye na R. A. Henson walichapisha katika jarida la The Lancet mpangilio wa aina mbalimbali za matatizo hayo.

Hesabu kubwa zaidi ilifanywa na Peter Croft na Marcia Wilkinson katika London Hospital, na ikachapishwa mwaka 1965. Waliwachunguza wagonjwa 1,476 wenye saratani za aina mbalimbali. Takriban asilimia 7 walikuwa na matatizo ya neva au misuli ambayo hayakutokana na kusambaa kwa saratani. Saratani za mapafu na ovari zilikuwa miongoni mwa zilizoongoza. Asilimia hiyo ilijumuisha udhaifu mdogomdogo wa misuli unaoweza kumpata mtu yeyote aliyedhoofika kwa ugonjwa mrefu. Aina kali na za pekee ni chache zaidi.

Aina kuu zilizotambuliwa katika miaka hiyo ni hizi:

Kuharibika kwa neva za hisia. Mgonjwa huanza na ganzi, maumivu au hisia za kuchomwachomwa kama sindano, ambazo zinaweza kuwa za upande mmoja zaidi. Baadaye hajui miguu yake iko wapi mpaka aitazame, na hawezi kufunga vifungo vya shati akiwa amefumba macho.

Kuharibika kwa serebela, kama ilivyoelezwa hapo juu.

Udhaifu wa misuli unaotokana na hitilafu pale neva inapokutana na msuli. Hali hii ilielezwa nchini Marekani miaka ya 1956 na 1957 na Edward Lambert, Lee Eaton na wenzao, na inaitwa kwa majina yao. Mgonjwa hupata shida kuinuka kitini au kupanda ngazi, na mdomo wake hukauka. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hawa hugunduliwa kuwa na saratani ya mapafu ya seli ndogo.

Uvimbeuchungu wa sehemu za ubongo zinazohusika na kumbukumbu na hisia za moyoni. Mgonjwa husahau mambo ya karibuni, hubadilika tabia, huchanganyikiwa au hupata degedege. Ndugu zake wanaweza kudhani ana ugonjwa wa akili.

Kutafuta sababu

Mwaka 1965 Brain na Forbes Norris walihariri kitabu kilichokusanya maarifa ya wakati huo chini ya jina The Remote Effects of Cancer on the Nervous System, yaani Athari za Mbali za Saratani kwenye Mfumo wa Neva. Swali kubwa lilikuwa jinsi uvimbe mdogo ulio kifuani unavyoweza kuua seli zilizo kichwani.

Dhana zilikuwa kadhaa. Wengine walidhani uvimbe hutoa sumu. Wengine walidhani unanyang'anya mwili kirutubisho ambacho neva zinakihitaji. Wengine walishuku virusi. Dhana ya virusi haikuwa ya ajabu: ugonjwa mmoja wa ubongo uliohesabiwa mwanzoni kati ya athari za mbali za saratani ulionekana kuwa na virusi ulipochunguzwa kwa hadubini ya elektroni mwaka 1965, na ukaondolewa kwenye kundi hilo.

Dhana ya nne ilihusu mfumo wa kinga. Mwaka 1964 na 1965 mtafiti mwingine mwenye jina la Wilkinson, Peter Wilkinson, aliripoti kwamba damu ya baadhi ya wagonjwa waliopoteza hisia ilikuwa na kingamwili zinazoshikamana na seli za neva. Kingamwili ni protini ambazo kwa kawaida mwili huzitengeneza ili kupambana na vijidudu. Brain alifariki kabla maana kamili ya jambo hilo haijajulikana.

Si kila pendekezo la kundi hilo lilithibitika. Mwaka 1965 Brain, Croft na Marcia Wilkinson walieleza pia wagonjwa wenye ugonjwa wa neva za mwendo pamoja na saratani. Utafiti wa baadaye haukuthibitisha kwamba ugonjwa huo kwa kawaida ni ishara ya saratani.

Uongozi wa madaktari na suala la tumbaku

Mwaka 1950 Brain alichaguliwa kuwa rais wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari, akimrithi Lord Moran. Alishika nafasi hiyo hadi mwaka 1957. Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya huduma ya afya ya taifa nchini Uingereza, na chuo kilikuwa na sauti kubwa serikalini. Brain alijulikana kwa upole, uchapakazi na uchache wa maneno.

Mwaka 1950 huohuo Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha utafiti wao uliohusisha uvutaji wa sigara na saratani ya mapafu. Mwaka 1954 walitoa matokeo zaidi, safari hii kutokana na kuwafuatilia madaktari wenyewe. Mwaka 1956 rais Brain aliandikiwa na daktari Francis Avery Jones, akiombwa chuo kitoe tamko juu ya hatari za sigara. Brain alikataa. Aliona kwamba matokeo ya utafiti yalikuwa yamekwisha kutangazwa, na hakuona kwamba ni kazi ya chuo kuwashauri wananchi wafanye nini na tabia zao.

Mrithi wake, Robert Platt, aliona tofauti. Chuo kiliunda kamati mwaka 1959, na mwaka 1962 kilitoa ripoti juu ya sigara na afya ambayo ilisomwa sana na kuwa mwanzo wa kampeni dhidi ya tumbaku katika nchi nyingi.

Wanahistoria wa tiba hutaja uamuzi wa mwaka 1956 kama mfano wa mtazamo wa kale wa madaktari wakuu, kwamba kazi yao ni mgonjwa aliye mbele yao na si umma kwa jumla. Kwa Brain jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa saratani ya mapafu ndiyo iliyokuwa chanzo cha matatizo ya wengi kati ya wagonjwa aliowaandikia. Alifundisha madaktari kuitafuta mapema ndani ya mwili wa mtu mmoja, lakini alisita kulitumia jina la chuo chake kuwaonya mamilioni juu ya kinachoileta.

Kumtibu Winston Churchill

Brain aliitwa mara kadhaa na Lord Moran, daktari wa Churchill, kumchunguza kiongozi huyo. Mwezi Juni 1953 Churchill, aliyekuwa waziri mkuu, alipata kiharusi. Taarifa iliyoandaliwa na madaktari wake wawili, Moran na Brain, ilitaja hitilafu katika mzunguko wa damu wa ubongo. Kabla ya kutolewa ilibadilishwa na wanasiasa wa karibu na Churchill, na wananchi wakaambiwa tu kwamba waziri mkuu anahitaji mapumziko. Brain alimwona Churchill tena katika ugonjwa wake wa mwisho, mwezi Januari 1965. Kumbukumbu alizoandika juu ya ziara hizo zilichapishwa na mwanawe Michael mwaka 2000.

Kamati ya dawa za kulevya

Serikali ilimteua Brain katika tume mbalimbali, zikiwemo ile ya ndoa na talaka na ile ya sheria za wagonjwa wa akili. Inayokumbukwa zaidi ni kamati ya uraibu wa dawa za kulevya, aliyoiongoza kuanzia mwaka 1958. Ripoti yake ya kwanza, ya mwaka 1961, iliona kwamba tatizo lilikuwa dogo na kwamba madaktari waendelee kuwaandikia waraibu dawa kama walivyokuwa wakifanya.

Muda mfupi baadaye idadi ya vijana waliotumia heroini iliongezeka. Kamati iliitwa tena mwaka 1964 ikiongozwa na Brain huyohuyo. Ripoti ya pili, ya mwaka 1965, ilibadili msimamo: ilieleza kwamba madaktari wachache walikuwa wakiandika heroini kwa kiasi kikubwa mno, ikapendekeza kwamba waraibu waandikishwe, vituo maalumu vya tiba vianzishwe, na madaktari wenye ruhusa ya kuwapa heroini wawe wachache. Mapendekezo hayo yaliingizwa katika sheria mwaka 1967.

Imani na maandishi

Mwaka 1931 Brain alijiunga rasmi na Jumuiya ya Marafiki, ambayo aliifahamu tangu wakati wa vita. Jumuiya hiyo ina waumini wengi pia magharibi mwa Kenya. Mwaka 1944 alitoa hotuba ya mwaka ya Marafiki wa Uingereza kuhusu binadamu, jamii na dini.

Aliandika vitabu juu ya akili na utambuzi wa hisia, juu ya matatizo ya usemi, na juu ya watu wenye vipaji vikubwa na magonjwa yao. Alikuwa rafiki wa mshairi Walter de la Mare, na mwaka 1957 alichapisha kitabu cha kumbukumbu za mazungumzo yao.

Heshima na kifo

Brain alipewa cheo cha "Sir" mwaka 1952 na kuwa baroneti mwaka 1954. Mwaka 1962 alifanywa Baroni Brain wa Eynsham, na hivyo kuingia katika Bunge la Malodi. Mwaka 1964 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme, jumuiya kuu ya wanasayansi wa Uingereza.

Alifariki tarehe 29 Desemba 1966 akiwa na umri wa miaka 71. Cheo chake cha baroni kilirithiwa na mwanawe Christopher, na baadaye na Michael, ambaye alikuwa daktari wa magonjwa ya damu.

Urithi

Tangu miaka ya 1980 dhana ya mfumo wa kinga imethibitishwa kwa sehemu kubwa. Mwaka 1985 Francesc Graus, Jerome Posner na wenzao mjini New York walieleza kingamwili inayopatikana kwa wagonjwa waliopoteza hisia na wenye saratani ya mapafu ya seli ndogo, yaani wagonjwa wa aina aliyoieleza Denny-Brown. Nyingine zimegunduliwa baada ya hapo.

Maelezo yanayokubaliwa leo ni kwamba baadhi ya seli za saratani hubeba protini ambazo kwa kawaida hupatikana kwenye neva tu. Mfumo wa kinga huziona kama kitu kigeni na kuzishambulia. Shambulio hilo linaweza kuuzuia uvimbe usikue haraka, na ndiyo sababu mara nyingi uvimbe huwa mdogo na mgumu kuonekana. Lakini kinga hiyohiyo hushambulia pia neva zenye protini zinazofanana. Seli za neva zikishakufa hazioti tena, kwa hiyo kila wiki ya kuchelewa ina gharama. Aina nyingine, kama udhaifu wa misuli wa Lambert na Eaton, haziui seli, nazo zinaweza kupata nafuu kubwa uvimbe ukitibiwa.

Kwa sababu hiyo mgonjwa mwenye dalili za aina hii hupimwa damu na maji ya uti wa mgongo, na kupigwa picha za kifua, tumbo na nyonga. Wanawake huchunguzwa matiti na ovari, na wanaume korodani. Dalili zikiwa za aina inayojulikana kuambatana na saratani na uvimbe usipoonekana, wataalamu hushauri uchunguzi urudiwe kila baada ya miezi 4 hadi 6 kwa muda wa miaka miwili. Utaratibu huu wa kuendelea kutafuta kitu kisichoonekana bado unatokana na mafunzo ya miaka ya Brain.

Hata hivyo ganzi ya miguu au vidole kwa watu wengi haisababishwi na saratani. Sababu za kawaida zaidi ni kisukari, upungufu wa vitamini, pombe, virusi vya UKIMWI, ukoma, neva kubanwa, na baadhi ya dawa, kwa mfano isoniazidi inayotumika kutibu kifua kikuu. Kinachomfanya daktari ashuku saratani iliyofichika ni tatizo linaloongezeka haraka, katika wiki au miezi michache, kwa mtu ambaye sababu hizo hazipo, hasa akiwa mvutaji wa sigara au amepungua uzito bila kukusudia.